Ufundi wa Kugusa Kidogo

Saa ya kompyuta ikipotea, swali la kwanza ni imepotea kwa kiasi gani. Ikiwa kila asubuhi inaamka na tarehe mosi Januari ya mwaka wa zamani, ukiirekebisha inatulia hadi jioni, kisha kesho yake imerudi kule kule, betri imekwisha. Hiyo ni betri bapa ya duara iliyopachikwa kwenye mazabodi, CR2032, yenye volti 3. Hata jina lake ni vipimo vyake: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani, hata kama imezimwa, saa yake hutumia umeme wa ukutani. Betri hushika zamu pale tu umeme huo unapokosekana. Ndiyo maana ofisi zinazozima swichi ya ukutani kila jioni, kwa kuogopa umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, huzichosha betri hizo mapema. Ndiyo maana pia tatizo hujitokeza asubuhi, na mchana huonekana kama limepona lenyewe.

Ikiwa saa imekosea kwa masaa matatu kamili, bila dakika kuzidi wala kupungua, iache betri ya watu. Yaelekea mashine hiyo ina mifumo endeshi miwili, Windows na Linux, inayotumia saa moja ya mazabodi. Windows huandika pale saa ya mahali ulipo. Linux kwa kawaida huandika saa ya dunia, UTC, kisha huongeza tofauti ya eneo wakati wa kukuonyesha. Kila mmoja akisoma kilichoandikwa na mwenzake, hukosea kwa kiasi cha tofauti hiyo. Nairobi, Dar es Salaam na Kampala ni masaa matatu. Bujumbura, Kigali na Lubumbashi ni mawili. Muscat ni manne. Fundi wa Bujumbura akikuta saa imeruka masaa mawili kamili, ana la kushuku kabla hajabonyeza chochote.

Halafu, kwa walio Nairobi au Dar es Salaam, kuna saa inayochelewa kwa masaa 11, au 10 Wamarekani wakiwa kwenye saa zao za kiangazi. Hapo aliyeweka Windows aliuacha ukanda wa saa wa pwani ya magharibi ya Marekani, ambao mara nyingi huja umeshachaguliwa. Mwenye mashine anaona saa si sahihi, anaisogeza kwa mkono mpaka ilingane na ya simu yake, anaridhika. Intaneti ikishika, kompyuta inajilinganisha na saa ya mtandao, inarudi Los Angeles. Anasogeza tena. Anachotakiwa kugusa kiko mistari michache tu kutoka pale anapohangaika, kwenye ukanda, na hajawahi kukitazama.

Mtu asidhani haya ni mambo ya urembo. Kivinjari kikifungua tovuti yenye ulinzi hukagua cheti chake, na kila cheti kina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta inayoamini kuwa huu ni mwaka 2012 itaikataa tovuti ya benki, itaikataa barua pepe, itatoa onyo jekundu kwamba muunganisho si salama. Mteja atasema intaneti ni mbovu. Atanunua bando jingine. Atahamisha ruta. Siku atakapompata mtu wa kutazama pembe ya chini ya kioo na kumwuliza, "Leo tarehe ngapi?", kazi itakuwa imekwisha.

Hapo ndipo ninapoupendea ufundi huu wa kurekebisha kompyuta za mezani. Mtumiaji anaona kosa moja: saa si sahihi. Fundi anaona makosa matatu yasiyo na undugu, kila moja na umbo lake, na kwa kila umbo kuna kitu kimoja kidogo cha kugusa. Vingine vyote anaviacha. Watu humsifu fundi kwa vitu anavyovijua. Mimi nimezoea kumpima kwa vile anavyoviacha mahali pake.

Ufundi wenyewe huanza na kuuliza, na kuuliza nako kuna namna. Swali ambalo kila mtu hulijua, "Kuna kitu ulibadilisha?", halina faida, kwa sababu jibu lake ni moja dunia nzima: hakuna. Mteja hadanganyi. Anachokiita kubadilisha ni kufungua kasha kwa bisibisi. Kukubali apdeti, kuchomeka flashi ya mtu, au kubonyeza "Yes" ili kidirisha kiondoke, yote hayo kwake ni matumizi ya kawaida. Nilikuwa kwenye kibanda cha fundi mmoja Kariakoo alipopigiwa simu na mama mwenye duka la steshenari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Printa imegoma, na wateja wamejaa hapa."

"Pole mama. Imegoma vipi? Taa yake inawaka?"

"Inawaka, ya kijani."

"Ukibonyeza kuprinti, kompyuta inasema nini?"

"Haisemi kitu. Inafungua kidirisha tu, inaniuliza jina la faili."

Fundi akanitazama akatabasamu, kisha akauliza kwa sauti ya mazungumzo ya kawaida tu: "Jana jioni ulikuwa mwenyewe dukani?"

"Nilikuwa na mjukuu wangu. Alikuja kujaza fomu zake za chuo, akazituma kwa imeili."

Tazama kilichotokea kwenye mazungumzo hayo mafupi. Mama amesema kompyuta haisemi kitu, na papo hapo akaeleza kwa usahihi kabisa ilichosema. Fundi asiyesikiliza angelishika lile neno la kwanza, angeanza kuhangaika na nyaya, wino na draiva. Huyu alilishika la pili. Printa isiyofanya kazi haikuulizi jina la faili. Anayekuuliza jina la faili ni yule printa wa kufikirika aliyemo ndani ya Windows, Microsoft Print to PDF, ambaye badala ya karatasi hutoa faili. Kwa hiyo kazi za mama zilikuwa zinafika salama, ila kwa mtu mwingine.

Zilifikaje kwake? Tangu mwishoni mwa mwaka 2015, Windows 10 ina mpangilio unaoiruhusu kuchagua yenyewe printa ya kawaida, na inachochagua ni ile iliyotumika mwisho mahali hapo. Mjukuu aligeuza fomu zake kuwa PDF ili azitume. Windows, kwa utiifu wake, ikaona huo ndio uchaguzi mpya wa nyumba. Hakuna kilichoharibika. Kila kitu kilikuwa kinafanya kazi kama kilivyopangwa, isipokuwa aliyepanga hakuwa mama.

Kilichofuata ni ufundi mwingine ambao hausifiwi vya kutosha: kumwongoza mtu kwa sauti peke yake, kwenye mashine iliyoandikwa Kiingereza, kwa mtu anayeijua kwa mazoea ya mkono. Fundi hakutaja jina la mpangilio hata mara moja. Alisema, "Mama, bonyeza alama ya dirisha. Sasa andika herufi hizi: p, r, i, n, t. Limetokea neno lenye picha ya printa? Bonyeza hilo. Shuka chini taratibu. Kuna swichi yenye rangi, imewashwa. Usiiguse kwanza, nisomee herufi tatu za mwanzo wa maneno yaliyo pembeni yake." Mama akasoma: "L, e, t." "Haya, hiyo hiyo. Izime. Sasa rudi juu, tafuta jina la printa yako." Ile kauli ya "usiiguse kwanza" ndiyo iliyonifanya nimheshimu. Kwenye simu huoni kioo. Swichi zenye rangi ni nyingi, na ukimruhusu mtu azime isiyohusika umejitengenezea tatizo la pili kabla hujamaliza la kwanza.

Maswali yakifika mwisho wake, fundi huanza kugawa. Hapa ndipo mtu wa pembeni asipopaelewa, kwa sababu vitu vingi anavyovifanya fundi havirekebishi kitu. Kuwasha Windows katika Safe Mode hakutengenezi chochote. Mfumo huamka na draiva chache za lazima tu, vilivyo kwenye kioo vinakuwa vikubwa na vibaya, programu nyingi hazipo. Mteja huogopa kwamba mambo yamezidi. Kumbe fundi ameuliza swali: tatizo lipo hata huku? Kama halipo, mfumo wenyewe na vifaa vya msingi vina nafasi kubwa ya kuwa salama, na mkosaji atafutwe kwenye vitu vilivyoongezwa juu yake. Kama lipo, basi ni la chini zaidi, na hakuna sababu ya kuihangaikia antivairasi.

Swali la pili la aina hiyo ni kufungua akaunti mpya ya mtumiaji, tupu kabisa, na kujaribu humo. Programu inayokufa kwenye akaunti ya mhasibu ikifanya kazi vizuri kwenye akaunti mpya, programu haina kosa. Kosa liko kwenye mipangilio ya mhasibu mwenyewe, ndani ya folda zake. Kwa jaribio la dakika chache fundi ameokoa kazi ya kuondoa na kusakinisha upya programu ambayo haikuwa na hatia. Jaribio hili hufanya kazi kwenye Windows, kwenye Mac na kwenye Linux, kwa kuwa mifumo yote mitatu hutenganisha mambo ya mfumo na mambo ya mtu.

Swali la tatu ni la hesabu. Mashine inajivuta, na vitu vinavyojiwasha pamoja nayo ni 64. Asiye na subira atakisia, atazima kinachomchukiza jina, kisha kingine. Fundi atazima nusu, 32, na kuiwasha upya. Kama inajivuta bado, mkosaji yuko kwenye 32 vilivyobaki. Kama imepona, yuko kwenye vile vilivyozimwa. Nusu ya nusu ni 16, kisha 8, 4, 2, na hatimaye 1. Kwa kukata mara sita amempata mkosaji mmoja kati ya 64, bila kujua lolote kuhusu kila mmoja wao. Sharti ni moja tu: katika kila hatua asibadilishe kitu kingine. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja na mashine ikapona, umepata mashine nzima na umepoteza jibu.

Hata ule ushauri unaochekwa kuliko yote, wa kuzima na kuwasha, una undani wake. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta nyingi zikizimwa kwa kawaida hazizimiki kabisa. Kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski kama kilivyo, ili kesho kuwaka kuwe kwa haraka. Kwa hiyo mtu anayezima kila jioni na kuwasha kila asubuhi huenda anaamka na kiini kile kile, pamoja na draiva iliyochanganyikiwa tangu wiki jana. Kitufe cha Restart ndicho kinachoanza upya kweli. Ukitaka ushahidi, fungua Task Manager, nenda kwenye ukurasa wa CPU, tazama muda ambao mfumo umekuwa macho: utakuta siku kadhaa kwenye mashine ambayo mwenyewe anaapa huizima kila jioni. Fundi akikwambia "usiizime, irestati", hakuchagua neno ovyo.

Maswali ya kugawa yakishaonyesha eneo, huja kusoma kumbukumbu. Windows ina daftari lake, Event Viewer. Linux ina lake, ambalo mara nyingi hufunguliwa kwa amri ya journalctl. Ukifungua Event Viewer kwenye mashine yenye afya njema kabisa, utakuta alama nyekundu na za njano kwa makumi. Huduma fulani ilichelewa kuanza. Programu fulani ilitafuta kitu isikipate, ikaendelea na shughuli zake. Matapeli wa simu wanaojifanya mafundi wanalijua hili vizuri: humwelekeza mtu afungue ukurasa huo, humwonyesha nyekundu zile, na akishaogopa humdai pesa. Fundi wa kweli hufungua ukurasa ule ule akiwa na kitu kimoja mkononi, yaani saa. "Ilizima saa ngapi?" Kisha huenda kwenye dakika hiyo, hutazama kilichotangulia na kilichofuata, na nyekundu nyingine zote huzipita. Akikuta tukio namba 41 la Kernel-Power, anajua mfumo haukuzimwa kwa utaratibu. Kwa mtu wa mtaa ambao umeme hukatika, hilo peke yake si habari. Linakuwa habari pale taa za ofisi hazikuzimika na mashine ikazimika peke yake, na hapo mkono unaacha mipangilio na kuelekea kwenye pawa sapai.

Kama ufundi huu una mtu aliyeuinua mbele ya dunia, ni Mark Russinovich. Mwaka 1996, yeye na Bryce Cogswell walianza kugawa bure kwenye mtandao programu ndogo ndogo za kuchungulia ndani ya Windows, zilizokuja kujulikana kama Sysinternals. Microsoft iliinunua kampuni yao mwaka 2006, na programu hizo bado hutolewa bure. Mojawapo, Process Monitor, huonyesha kila faili linalofunguliwa na kila mpangilio unaosomwa, mstari kwa mstari. Ukiiwasha kwa mara ya kwanza inatisha, maana kompyuta iliyotulia isiyofanya kazi yoyote hukumwagia maelfu ya mistari ndani ya muda mfupi. Mingi itasema kitu hakikupatikana, na karibu yote hiyo haina neno. Kazi ni kuchuja: acha programu moja tu, acha dakika moja tu, kisha soma kuanzia mwisho kurudi nyuma, kutoka pale programu ilipokufa. Mara nyingi hatua chache kabla ya kifo kuna mstari mmoja unaosema imenyimwa ruhusa, pamoja na jina kamili la folda iliyoifungia mlango.

Tarehe 31 Oktoba 2005, Russinovich alichapisha simulizi ambayo mafundi bado huisoma kama darasa. Alikuwa akijaribu programu yake ya kutafuta vitu vilivyofichwa, akaijaribu kwenye mashine yake mwenyewe, ikamwonyesha folda na draiva ambazo Windows ilidai hazipo. Majina yake yalianza na herufi $sys$. Alifuatilia uzi hatua kwa hatua mpaka akafika kwenye sidii ya muziki ya Sony BMG aliyokuwa ameinunua, ambayo ilisakinisha kinga yake dhidi ya kunakiliwa na kuificha kwenye kiini cha mfumo. Habari hiyo ilitikisa, na mwezi uliofuata kampuni ikaziondoa sidii hizo madukani.

Watu hukumbuka kashfa; mimi napenda kilichofuata baada ya kuvifuta vitu vile. Kifaa cha kusomea sidii kilitoweka kwenye kompyuta yake. Mtu mwingine angesema basi, kimeharibika, tuanze upya. Yeye aliuliza nani alikuwa amesimama kati ya Windows na kifaa kile. Windows huruhusu draiva za kuchuja, zinazokaa juu au chini ya draiva ya kifaa na kupitisha kila ombi, na majina yao huandikwa kwenye rejistri. Draiva ya kuchuja ilikuwa imeondolewa, lakini jina lake lilibaki kwenye orodha, na Windows ilipomwita asipatikane, ikakikataa kifaa kizima. Alilifuta jina lile kwenye orodha, na kifaa kikarudi.

Rejistri hiyo ndiyo inayopima adabu ya fundi kuliko sehemu nyingine yoyote. Zamani mipangilio mingi ya Windows ilikaa kwenye mafaili ya maandishi kama WIN.INI; tangu Windows 95 makao yake makuu yakawa rejistri, mti mmoja mkubwa wa matawi ndani ya matawi. Programu ya kuihariri, regedit, haina kitufe cha kuhifadhi wala cha kutengua. Unachoandika kimeandikwa, papo hapo. Kwa hiyo fundi mwenye adabu, kabla ya kugusa tawi, hulitolea kwanza nakala na kuiweka kando kwa jina linaloeleweka, lenye tarehe. Mwenzake wa Linux hufanya vivyo hivyo: kabla ya kuhariri fstab, faili linaloueleza mfumo diski zake, huinakili kwanza, kwa kuwa kosa la herufi moja humo laweza kuifanya mashine ikatae kuwaka kwa kawaida. Mstari wa zamani haufuti. Huuwekea alama ya # mbele ili usisomwe, huandika mpya chini yake, na pembeni tarehe na sababu. Anayekuja baada yake, ambaye mara nyingi ni yeye mwenyewe akiwa ameshasahau, atakuta kilichokuwapo, kilichopo, na kwa nini.

Baada ya kurekebisha huja kupanga, ambako kunaonekana kwepesi na sivyo. Kompyuta mpya huja na mawazo ya mahali pengine. Ukiiacha kwenye mipangilio ya Marekani, itaamini kwamba mwezi hutangulia siku. Fungua jedwali la Excel la mtu aliyeingiza mauzo ya Aprili kwenye mashine ya namna hiyo. Aliandika 03/04 na mwaka wake, kwa maana ya tarehe 3 Aprili. Mashine ikaelewa Machi 4, ikaipokea na kuisogeza kulia kama ifanyavyo kwa tarehe zote. Aliandika 13/04 na mwaka wake, hakuna mwezi wa 13, mashine ikaona hayo ni maneno tu, ikayaacha kushoto. Kwa hiyo safu ile ya tarehe imekaa kombo: nyingine zimeegemea kulia, nyingine kushoto. Mhasibu huona mpangilio mbaya na huziweka zote katikati ili zipendeze. Fundi akiiona safu kabla haijapambwa, anajua papo hapo kwamba zilizoegemea kushoto, ambazo ni 18 kwa mwezi wa Aprili, ndizo salama zaidi, maana kosa lake linaonekana. Za hatari ni zile 12 za mwanzo zilizokaa vizuri. Kati yake ni 04/04 peke yake iliyo sahihi. 11 zimetawanyika kwenye miezi mingine, kimya kimya.

Tena anajua jambo la pili, ambalo ndilo linalomtofautisha na mwenye haraka. Kubadilisha eneo kutoka Marekani kwenda Tanzania au Kenya kutazitengeneza tarehe zitakazoingizwa kuanzia sasa. Zilizokwisha kuingizwa zitabaki zilivyoeleweka, zikionyeshwa tu kwa mtindo mpya. Kwa hiyo humwambia mhasibu ukweli mchungu kabla hajagusa mpangilio: kwanza tusahihishe jedwali hili, ndipo tubadilishe eneo, tena tuandike leo ni tarehe ngapi tumebadilisha.

Karatasi nayo ina mkasa wake. Marekani na Kanada hutumia Letter, milimita 216 kwa 279. Sisi hutumia A4, milimita 210 kwa 297. Printa yenye trei iliyojaa A4 inaweza kuwasha taa ya kudai karatasi na kusimama, kwa sababu waraka umepangwa kwa Letter na yenyewe inaisubiri karatasi ambayo pengine haiuzwi hata duka moja mtaani. Watu hutoa karatasi, huzipepea, huzirudisha. Fundi hufungua mpangilio wa ukubwa wa karatasi, hubadilisha neno moja, tena hakikisho lake halikamiliki mpaka ametazama pia mpangilio wa printa yenyewe, maana waraka na printa kila kimoja kina imani yake.

Baada ya yote haya ndipo naweza kusema kwa nini kupiga Windows, yaani kufuta kila kitu na kuisakinisha upya, huniudhi. Mitaani kwetu ndiyo dawa ya kila kitu. Mashine nzito, piga Windows. Sauti haitoki, piga Windows. Ni kubomoa nyumba kwa sababu ya bawaba inayolia. Zipo siku inastahili: virusi vimeingia hadi pasipoaminika tena, au mafaili ya mfumo yameharibika kiasi kwamba hata amri ya sfc /scannow, inayoyakagua na kuyarudisha yaliyo halali, imeshindwa. Lakini ikipigwa mapema, pamoja na kufuta picha za familia, nywila zilizohifadhiwa na draiva ya printa ya zamani isiyopatikana tena kirahisi, hufuta pia ushahidi. Kama kisa kilikuwa diski inayokufa, Windows mpya itapumua kidogo kisha itaanguka vile vile, na safari hii hata historia ya kuanguka kwake haipo.

Tatizo ni kwamba soko linamlipa anayebomoa. Kupiga Windows huchukua muda, kioo kinaonyesha asilimia zinapanda, mteja anaona kazi inafanyika. Aliyezima swichi moja kwa simu akidai elfu kumi ataulizwa, "Umebonyeza mara mbili tu, elfu kumi ya nini?" Mafundi wengi wa namna hiyo, kwa kuchoka na swali hilo, hatimaye hujifunza kubomoa. Siwalaumu sana.

Anayeweza kuligeuza soko hilo ni mteja, na hahitaji kujua kompyuta. Fundi akimaliza, mwulize maswali mawili: ilikuwa nini, na umebadilisha nini? Kuuliza si ujinga, na asiye na jibu utamtambua upesi, atakwambia ilikuwa "mambo ya mfumo tu". Mwenye ufundi atakujibu kwa sentensi moja unayoielewa: printa ya kawaida ilijibadilisha, nimeuzima mpangilio unaoibadilisha. Sentensi hiyo iandike mahali. Tatizo likirudi, utamwita yeyote na kumsomea, naye ataanzia pale mwenzake alipoishia, na elfu kumi uliyoitoa itakuwa bado inakufanyia kazi.